Picha Zipo, Bado Hazijakobolewa

Jumapili ile ya Juni 2019 ukungu ulishuka Mbeya tangu alfajiri, mlima Loleza hauonekani hata kwa kubahatisha. Nilikuwa nimefunga mlango wa studio hapa Mwanjelwa ili wateja wa paspoti wasinikatize. Kitenge mabegani, chai ya tangawizi pembeni, kadi ya kamera kwenye kompyuta. Jana yake nilikuwa Tukuyu kupiga harusi, na kadi ilikuwa na picha 1,200 na kidogo. Nikafungua programu yangu ya kuhariri, ile niliyoizoea kwa miaka, nikaielekeza kwenye folda, nikasubiri.

Ikaniletea miraba ya kijivu, safu kwa safu, na chini ya kila mmoja jina la faili lililoishia na CR3. Nikabofya mmoja. Ujumbe ukasema faili halitambuliki, au limeharibika.

Anayefanya kazi hii anajua mwili unavyopoa neno "limeharibika" likitokea juu ya harusi ya watu. Mahari imeshatolewa, ng'ombe ameshachinjwa, bibi wa miaka themanini na kitu ameshapanda gari kutoka Busokelo hadi kanisani na kurudi. Hakuna atakayekusanya watu wale tena ili mimi nipige upya.

Kamera haikuwa yangu. Yangu ilikuwa kwa fundi, nikaazima ya mpiga picha mwenzangu wa Iringa ambaye alikuwa ameinunua karibuni. Niliijaribu vizuri kabla ya harusi: lenzi, fleshi, betri mbili, kila kitu. Kitu kimoja sikukijaribu, nacho ni kuchukua picha moja tu na kuifungua kwenye kompyuta yangu. Siku hizi hilo ndilo jambo la kwanza ninalofanya nikishika kamera ngeni, hata kabla ya kusafisha lenzi.

Nikafanya wanachofanya wengi: nikabadilisha jina la faili, nikafuta CR3 nikaandika JPG. Programu ikakataa vilevile. Herufi za mwisho wa jina ni kibandiko tu kwenye gunia, na kubandika "sukari" juu ya gunia la chumvi hakutengenezi sukari. Tena ukibadilisha majina ya folda nzima kwa haraka unaweza kujichanganya mwenyewe usijue lipi ni lipi, kwa hiyo nilirudisha jina na kutoa mikono kwenye kibodi.

Simu ikaita. Mama wa bibi harusi. Yeye anauza mchele hapa sokoni Mwanjelwa, mpunga anautoa Kyela, na kwa sauti tu unajua kwamba maisha yake yote amezoea kuuliza swali moja na kupata jibu moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Picha zimetokaje?"

"Picha zipo, mama. Ila hazijafunguka."

Akanyamaza kidogo. "Hazijafunguka ndiyo nini? Zipo au hazipo?"

"Zipo. Kwenye kamera naziona. Kompyuta ndiyo haizijui."

"Basi huo ni mpunga," akasema. "Upo, bado haujakobolewa. Tafuta mashine, mwanangu, usilie."

Sikuwa nimelia, ila alikuwa karibu na ukweli. Na sijawahi kusikia mtu akieleza faili la RAW, yaani data ghafi ya kamera kabla haijapikwa kuwa picha, vizuri kuliko mama yule, ambaye sidhani kama amewahi kuligusa.

Kiswahili chetu kina bahati hapa. Tuna mpunga shambani, tuna mchele gulioni, tuna wali mezani, na hakuna mtu mzima anayechanganya maneno hayo matatu. Picha ya JPEG ni wali. Kamera imeshaamua chumvi, imeshaamua mafuta, imeshapakua kwenye sahani. Unaweza kuongeza mchuzi juu, lakini wali ulioiva haurudi kuwa mchele. Faili la RAW ni mpunga: ndani yake chakula kipo chote, pengine kingi kuliko kile kitakachofika mezani, ila huwezi kukila kabla hakijapita mashineni. Programu ya kufungua RAW ndiyo hiyo mashine.

Sasa, kwa nini kamera ilizionyesha picha zilezile ambazo kompyuta ilizikana? Swali hili nililibeba siku nzima. Jibu alinipa mwenye kamera, nilipompigia Iringa. Alipokea kwa "Kamwene" yake ya siku zote, akasikiliza, akacheka kwa upole, kisha akaniambia jambo ambalo miaka yote ile sikulijua: ndani ya karibu kila faili la RAW, kamera huficha picha ya JPEG iliyoshapikwa. Ndiyo hiyo unayoiona nyuma ya kamera. Data yenyewe ghafi haionyeshwi pale kabisa. Na kwa kamera ile, JPEG iliyofichwa ni ya ukubwa kamili.

Ipo programu ya bure inaitwa ExifTool, ameiandika Phil Harvey wa Kanada, kazi yake ni kusoma na kuandika taarifa zilizomo ndani ya mafaili ya picha. Inatumika kwa kuandika amri, haina vitufe vya kupendeza, lakini inaweza kuchomoa ile JPEG ya ndani kwa folda nzima mara moja. Mwenzangu alinitumia amri hiyo kwa meseji, mstari mmoja. Saa kumi na mbili jioni nilikuwa na picha ishirini za kumtumia mama, zilizopikwa na kamera, si na mimi. Nilizituma WhatsApp kama dokumenti ili zisiminywe. Akanijibu kwa sauti ya vigelegele, nyuma yake watu wengi wanaongea kwa pamoja Kinyakyusa, na mwishoni: "Ndaga fijo," yaani asante sana.

Hapo ningeweza kuachia. Wako wanaoachia hapo. Lakini picha iliyonifanya nishindwe kulala haikuwa kati ya zile ishirini.

Ilikuwa ya mlangoni mwa kanisa. Bibi harusi amesimama kizingitini, nyuma yake ukungu mweupe wa Rungwe unaingia kama maziwa, gauni jeupe, na bibi yake mzaa mama, yule wa Busokelo, amemshika uso kwa mikono miwili. Mambo yote meupe yalikuwa nyuma na pembeni. Sura mbili, zote nyeusi za kupendeza, zilikuwa kivulini. Kamera ikiona weupe mwingi hivyo hudhani dunia ina mwanga kupita kiasi, inaubana. Kwenye JPEG ile ya ndani, sura zao zilikuwa vivuli viwili. Nilijaribu kuzinyanyua nikapata chenga na mabaka ya kijivu.

Chenga. Neno lilelile. Mpunga ukipita kwenye mashine mbovu, mchele hutoka umevunjikavunjika, tunaita chenga, bei inashuka. Picha ikinyanyuliwa mwanga ambao haina, inajaa punje, nazo tunaziita chenga, kama zile za televisheni yenye antena mbovu. Nilijua kwamba sura zile zimo ndani ya mpunga. Kilichokosekana ni mashine.

Hapa ndipo nilipojifunza kwa nini programu yangu ilikataa, na nataka kulieleza kwa urefu kidogo, maana kila wiki ananijia kijana na kadi mkononi akiniambia mafaili yake yamekufa.

RAW si aina moja ya faili. Ni jina la ukoo tu. Kila mtengenezaji wa kamera ana yake: Nikon wana NEF, Sony wana ARW, Fujifilm wana RAF, Olympus walikuwa na ORF, na Canon walianza na CRW, wakaja na CR2 mwaka 2004, kisha CR3 mwaka 2018 ilipotoka EOS M50. Hata ndani ya herufi zilezile, kila kamera mpya hupanga vitu vyake kwa namna yake, na rangi zake zina hesabu zake. Kwa hiyo programu ya kuhariri haina budi kufundishwa kila kamera. Iliyotengenezwa mwisho 2017 haiwezi kuijua kamera ya 2018. Faili halina kosa, na kamera haina kosa. Ni mtu mwenye barua ya Kichina mkononi anayesema barua imeharibika kwa sababu hajui Kichina.

Kuna mtu mmoja ambaye ningependa ajulikane zaidi huku kwetu, Mmarekani Dave Coffin. Mwaka 1997 alianza kuandika programu ndogo inaitwa dcraw, kwa lengo moja: isome RAW ya kamera yoyote ile. Watengenezaji hawakuwa wakichapisha siri za mafaili yao, kwa hiyo alizifumbua yeye mwenyewe, kamera baada ya kamera, kwa miaka, na kazi yake akaitoa bure. Baadaye ikazaliwa LibRaw juu ya msingi wake, na programu nyingi za leo zinasoma RAW kupitia kazi hiyo. Ukifungua picha ya harusi ya Tukuyu kwenye programu ya bure, jua kuna mtu alikaa mezani kwake akihesabu baiti ili wewe uione.

Njia iliyoniokoa mimi ilikuwa nyingine. Mwaka 2004 kampuni ya Adobe ilitoa muundo unaoitwa DNG, wenye maelezo yaliyo wazi kwa kila mtu, ukiwa na wazo kwamba RAW za kila kamera ziweze kuhifadhiwa kwa lugha moja. Wanatoa pia kigeuzi cha bure. Unakipa folda ya CR3, kinakurudishia folda ya DNG. Na kwenye mipangilio unaweza kuchagua toleo la zamani ambalo programu yako kongwe inalielewa. DNG hizo bado ni mpunga. Hakuna kilichopikwa, umehamishwa gunia tu.

Kigeuzi kilikula bando langu la wiki. Kompyuta yangu kuukuu ilikoroma usiku kucha ikigeuza, umeme ukakatika mara moja, betri ikashika. Saa kumi na moja alfajiri, kukiwa na baridi ya kukunja vidole, nilifungua programu ileile iliyonikataa, nikaielekeza kwenye DNG, na miraba ya kijivu ikaanza kugeuka picha, mmoja mmoja kutoka juu.

Kisha zikafifia mbele ya macho yangu.

Hili huwatisha wote wanaofungua RAW kwa mara ya kwanza. Picha inatokea ikiwa na rangi nzuri, sekunde moja inapita, inapauka, inakuwa kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Wengi husema programu imeharibu picha. Haijaharibu. Kile cha kwanza ulichokiona ni ile JPEG ya ndani, mapishi ya kamera; programu ilikuwa bado inakoboa. Ilipomaliza ikaondoa sahani ya kamera na kukuwekea mchele wake yenyewe, bila chumvi yako wala ya kamera. Kupauka kule ni dalili kwamba sasa uamuzi ni wako.

Na ni uamuzi kweli, kuliko nilivyodhani. Kihisi cha kamera, kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, hakioni rangi. Kila kijumba chake hupima kiasi cha mwanga tu. Ili rangi ipatikane, juu yake huwekwa vichujio vidogo vya rangi vilivyopangwa kama bao la drafti: kijani, nyekundu, bluu, na kijani kikiwa mara mbili ya wenzake kwa sababu jicho la binadamu hutegemea sana kijani kuona undani. Mpangilio huo aliubuni Bryce Bayer akiwa Kodak, hataza yake ikatolewa 1976, na hadi leo uko kwenye kamera nyingi na simu. Matokeo yake ni kwamba kila kijumba kinajua rangi moja kati ya tatu. Mbili zilizobaki programu huzikadiria kwa kuangalia majirani. Maana yake ni kwamba theluthi mbili ya rangi unazoziona kwenye picha ya harusi ni hesabu ya programu.

Ndiyo maana faili moja likifunguliwa na programu mbili hutoka picha mbili. Nimejaribu mara nyingi kwa picha ileile ya mlangoni: moja inampa bibi ngozi yenye joto na makunyanzi laini, nyingine inampa makunyanzi makali na kahawia iliyoelekea kijivu. Hakuna iliyodanganya. Muulize mama wa mchele kama mashine mbili za Kyela zinatoa mchele sawa.

Tukirudi kwenye kile kivuli. JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 14, kama ile ya kamera niliyoazima, ina ngazi 16,384. Lakini ngazi hizo hazikugawanywa kwa usawa: nusu nzima, 8,192, ziko kwenye stopu moja ya juu kabisa, ile yenye mwanga mwingi. (Stopu ni kipimo cha mwanga: kila moja ni mara mbili ya iliyo chini yake.) Stopu inayofuata inapata 4,096, inayofuata 2,048, hivyohivyo hadi gizani ambako zinabaki chache. Kwa hiyo sehemu zenye giza ndizo maskini siku zote, na ukipiga picha yenye giza kupita kiasi hata RAW itakupa chenga. Ila umaskini wa RAW bado unazidi utajiri wa JPEG. Nilinyanyua sura ya bibi stopu moja na nusu. Kwanza ikatokea paji la uso, kisha mstari wa machozi uliokuwa unang'aa chini ya jicho la kushoto, ambao hata siku yenyewe kanisani sikuuona. Niliinua mkono kwenye kipanya na kuuacha hewani kwa muda.

Bega la gauni, upande wa ukungu, halikurudi. Pale mwanga ulikuwa umejaza vijumba vyote vya rangi zote tatu hadi pomoni, na kilichofurika hakikuandikwa popote. Wanaosema RAW huokoa kila kitu hawajapiga harusi kwenye ukungu. Picha iliyoungua imeungua. Tangu siku ile nikiwa na gauni jeupe na ngozi nyeusi kwenye fremu moja, naangalia histogramu kwanza, ile grafu ya mwanga kwenye skrini ya kamera, nasogeza mwanga juu kadiri inavyowezekana bila kuunguza gauni, halafu sura naimalizia nyumbani.

Suala la ngozi linanigusa zaidi ya ufundi. Zamani za filamu, maabara zilisawazisha rangi kwa kadi za mfano, na zile za Kodak zilizokuja kuitwa kadi za Shirley zilikuwa na mwanamke mweupe. Mashine iliyopimwa kwa ngozi yake haikutupima sisi. Leo bado mapishi ya kiwandani, ya kamera au ya programu, ni maoni ya mtu fulani kuhusu ngozi ipendeze vipi. Kwenye JPEG unapewa maoni hayo yakiwa yameshaiva. Kwenye RAW, mizani ya weupe, yaani kusawazisha rangi kulingana na aina ya mwanga, haijapikwa kabisa. Kamera imeandika tu pembeni pendekezo lake, kwamba siku ile mwanga ulikuwa wa namna gani. Kanisani kulikuwa na taa za umanjano ndani na mwanga wa ukungu mlangoni, ambao huelekea ubluu. Kamera ilichagua katikati, sura zikawa za majivu. Niliiambia programu ifuate mwanga wa mlangoni, nikapandisha kipimo cha joto la rangi hadi karibu Kelvini 6,500, na bibi akarudi na rangi yake, ile ya udongo wa Rungwe baada ya mvua. Mjukuu wake akarudi na yake, nyeusi zaidi, yenye zambarau kidogo shingoni. Watu wawili wa damu moja wenye weusi wawili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo picha yenyewe.

Kitulo nako kulinifundisha hili kwa njia nyingine. Mle hifadhini, panapoitwa Bustani ya Mungu, nilipiga maua ya rangi ya chungwa kali asubuhi yenye jua. Kwenye skrini ya kamera yalikuwa mabonge ya rangi bila mshipa hata mmoja. Wekundu peke yake ulikuwa umefika kikomo kwenye mapishi ya JPEG, wakati ndani ya RAW ulikuwa bado una nafasi. Nilipunguza, mishipa ya petali ikatokea.

Sasa neno kuhusu programu. Najua wengi wetu tunatumia nakala za mtaani, zile unazowekewa kwa elfu kumi na kuambiwa usiunganishe intaneti. Mbali na kwamba ni kazi ya mtu inayoibwa, na sisi wapiga picha tunajua uchungu wa picha yetu kutumika bila malipo, nakala hiyo imegandishwa. Haipati sasisho, kwa hiyo haitafundishwa kamera mpya kamwe. Siku utakayoazima kamera ya mwenzako utakuwa nilipokuwa mimi. Zipo darktable na RawTherapee, za bure kihalali, na zote zinasasishwa. CR3 zilichelewa kwao; RawTherapee ilianza kuzifungua 2020, darktable mwishoni mwa 2021. Kwanza zitakuchosha, vitufe ni vingi, lakini wiki mbili zinatosha kuzoea. Anayetumia GIMP ajue kwamba yenyewe haikoboi. Ukiiletea RAW inaipeleka kwanza kwa mojawapo ya hizo mbili, kwa hiyo ni lazima uwe umeiweka. Pia watengenezaji wa kamera wenyewe hutoa programu zao bure: Canon wana Digital Photo Professional, Nikon wana NX Studio. Na wewe unayetumia simu usijione uko nje ya habari hii. Simu nyingi za Android zinaweza kuhifadhi DNG ukiingia kwenye hali ya kitaalamu. Jaribu jioni moja pale Uyole jua likizama.

Jambo la kutunza linaniuma zaidi. Harusi ile moja ilikula karibu gigabaiti 34. Diski ni ghali, na kishawishi ni kutoa JPEG, kukabidhi, kufuta RAW ili kadi ipokee kipaimara cha wiki ijayo. Nimewaona vijana wazuri sana wakifuta kazi ya miaka mitatu namna hiyo. Mimi natunza diski mbili, moja studio na moja nyumbani, na ndani yake CR3 zenyewe kama zilivyotoka kwenye kamera, pamoja na yale mafaili madogo ya XMP yanayobeba kumbukumbu ya nilichoamua. Nilipokuwa nikihariri sikugusa mpunga hata punje moja. Maamuzi yote yameandikwa pembeni, na kesho naweza kuamua vingine.

Na niliamua vingine. Mwaka 2023, nikiwa na kompyuta bora na programu mpya yenye uwezo wa kuondoa chenga kwa namna ambayo 2019 haikuwepo, nilifungua tena CR3 ya mlangoni, siyo DNG, ileile ya kwanza iliyoandikiwa "limeharibika". Ilifunguka kwa sekunde mbili. Nilinyanyua kivuli stopu mbili na nusu badala ya moja na nusu, na vidole vya bibi kwenye mashavu ya mjukuu vikaonekana hadi kucha. Niliichapisha kubwa, nikaifunga kwenye kanga, nikampelekea mama sokoni. Bibi alikuwa bado hai, anaumwa miguu. Mama aliitazama picha akiwa amesimama katikati ya magunia, akaifunika tena, akaniambia nikae kwanza ninywe maji.

Baba mdogo wangu ndiye aliyenifundisha kushika kamera. Alikuwa na studio Tukuyu miaka ya filamu, chumba cha giza nyuma, taa nyekundu, mabeseni matatu ya dawa. Siku hizo mtu alipeleka mkanda na kusema nakuja kuchukua, mnisafishie picha. Nadhani neno "kusafisha" lilikuwa bora kuliko "kuediti" tunalolitumia sasa. Alipofunga studio aliuza kila kitu isipokuwa makopo manne ya biskuti yaliyojaa negativi. Mwezi uliopita aliyaleta kwangu kwenye basi, ameyashika mapajani toka Tukuyu hadi Kabwe hapa Mbeya.

Tunazipiga moja moja juu ya kioo chenye taa chini, kwa RAW, kisha kwenye programu nageuza mwanga: cheusi kiwe cheupe, cheupe kiwe cheusi. Yeye huvuta kiti karibu na skrini, hana miwani, ameinama. Jana tulifungua moja ya watu sita nje ya nyumba ya bati, ukungu nyuma. Akaanza kuwataja kutoka kushoto, akafika kwa mwanamke aliyekaa kwenye mkeka na mtoto, akasita.

"Hapo kwake ongeza mwanga kidogo," akasema.

Nikaongeza.

"Kidogo tena, mwanangu."

Nikasogeza, taratibu.

"Hapo hapo. Acha."